Kuchora si penseli peke yake

"Huyu hana kipaji." Mtoto wa miaka 6 huambiwa hivyo kwa sababu nyumba aliyochora imepinda. Imani kwamba sanaa huanzia kwenye mstari ulionyooka imedumu vizazi na vizazi, lakini vitabu vya picha vyenyewe vinaikanusha.

Mchukue Eric Carle wa Marekani (1929–2021), aliyetunga kitabu cha kiwavi mwenye njaa kilichotoka mwaka 1969. Picha zake ni za kubandika. Kwanza alipaka rangi za akriliki kwenye karatasi nyepesi, akazitia mistari na madoa, akaziacha zikauke, kisha akazipanga kwenye droo kufuatana na rangi. Baadaye alikata maumbo na kuyagandisha kwa gundi. Mwili wa kiwavi yule? Vipande vya kijani vya mviringo, kimoja baada ya kingine. Hata mtoto wa chekechea anaviweza.

Wala rangi si lazima zifanane na za kweli. Carle alisoma Ujerumani enzi za Hitler, na mwalimu wake wa sanaa alimwonyesha kwa siri picha za wasanii waliopigwa marufuku. Mwaka 2011 akatoa kitabu chenye farasi wa bluu, kwa heshima ya Franz Marc, mchoraji Mjerumani. (Sisi bado tunagombana na mtoto kuhusu ng'ombe wa zambarau!)

Nyumbani, fungueni ukurasa mmoja wa kitabu cha kiwavi, umuulize mwanao: kipande kipi kilibandikwa kwanza? Kisha mpe magazeti ya zamani na gundi ya uji wa ngano.