Methani ya pumzi si harufu ya kinywa

Juzi nimemsikia tena mtu akisema ndugu yake "ana methani mdomoni", na msikilizaji akampendekezea dawa ya kusukutua. Linaniuma, maana mwenye tatizo hubaki akisugua ulimi asubuhi na jioni ilhali shida iko tumboni.

Methani ya pumzi ni gesi inayotengenezwa utumboni, ikaingia kwenye damu, ikafika mapafuni na kutoka tunapopumua. Haina rangi wala harufu. Takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu hutoa kiasi kinachopimika, na wengi wao hawaumwi chochote.

Nadhani jina ndilo linalopotosha. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Dumas na Péligot, walikuwa wakichunguza spiriti inayopatikana kwa kuunguza mbao bila hewa. Wakachukua Kigiriki "methy", kileo, na "hyle", mti, wakaunda "methileni", ambayo baadaye ilizaa "methili". Humo ndimo Mjerumani Hofmann alimochimbua "methani" mwaka 1866. Kileo na mti tu, uvundo haumo. Ila ukoo huo una ndugu mmoja anayenuka kweli: methili merkaptani, gesi yenye salfa, harufu yake kama kabichi iliyooza. Hiyo, pamoja na haidrojeni salfaidi, ndiyo inayotolewa na bakteria wa ulimi na ufizi. Merkaptani za jamii hiyo hutiwa pia kwenye gesi asilia ya majumbani ili ikivuja watu wainuse, basi methani ikabebeshwa harufu isiyo yake.

Wanaoitengeneza methani utumboni hata si bakteria. Ni arkea, viumbe wadogo wa chembe moja walio kundi lao wenyewe, hasa Methanobrevibacter smithii, ingawa jina lake lenyewe linadanganya kwa kuwa na "bacter" ndani yake. Huchukua molekuli 4 za haidrojeni na 1 ya kabonidioksaidi, wakatoa 1 ya methani. Ikizidi, huendana na utumbo unaosukuma chakula polepole, choo kigumu na tumbo kujaa. Kuipima, mtu hunywa maji yenye glukosi au laktulosi, kisha hupuliza kwenye kifaa mara kadhaa; sehemu 10 kwa milioni au zaidi huhesabiwa kuwa nyingi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kinywa kikinuka sema kinanuka, umwone daktari wa meno. Ukiambiwa pumzi ina methani nyingi, swali la kwanza ni hili: unapata choo mara ngapi kwa wiki?