Kitabu kikilalamikiwa, kisiishie kwenye droo

Kitabu hakihitaji tamko la waziri ili kitoweke maktabani. Mzazi mmoja akipandisha sauti, mwalimu mkuu akisema "kiondoeni kwanza", kitabu kinaingia kwenye droo ya mkutubi na mambo yanaishia hapo. Rejista inasema kipo, rafu inasema hakipo. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, ila kitabu cha droo hata kuaga hakiagi. Marufuku ya wazi ina tarehe, ina sababu, ina aliyetia saini, kwa hiyo mtu anaweza kuihoji. Ya droo utamhoji nani? Naandika haya kwa walimu wanaoshika maktaba za shule, wengi wao waliokabidhiwa funguo bila kufika chuo cha ukutubi pale Bagamoyo.

Tuanze na siku yenyewe. Mzazi anaingia na kitabu kilichokunjwa ukurasa: "Mwalimu, haya ndiyo mnayowasomesha wanetu?" Usianze kukitetea kitabu. Mpe kiti, msikilize mpaka amalize, kisha mwambie, "Nimekuelewa, mama. Tuliandike hili ili kikao cha kupitia kitabu kilione." Usimuahidi kwamba kitatolewa wala kwamba kitabaki, huna mamlaka ya peke yako kwa lolote kati ya hayo.

Fomu ya malalamiko iwe ukurasa mmoja tu. Juu andika jina la mlalamikaji, simu yake na tarehe, halafu jina la kitabu, mwandishi na namba yake ya rejista. Chini yake maswali manne. Umekisoma chote au sehemu? Ni ukurasa gani na maneno gani yanayokusumbua? Unahofia yatamfanya nini msomaji, na wa umri gani? La nne ndilo lenye kazi kubwa: unataka mwanao asikiazime, au asikiazime mtoto yeyote? Anayemtaka mwanae tu, shida yake inaisha palepale. Unaweka alama kwenye kadi ya mtoto na unamshukuru mzazi kwa kufika. Hiyo ni haki yake bila ubishi. Anayetaka kuwaamulia na watoto wa wenzake ndiye anayehitaji kikao. Asiyeweza kuandika, mwandikie wewe, msomee, aweke dole gumba.

Wakati kikao kinasubiriwa, kitabu kibaki kwenye orodha ya vitabu vinavyoazimwa. Wengi hukosea hapa kwa nia njema. Kikiondolewa mapema, hakuna tena anayeona haraka ya kukutana, na muda wa mapitio unageuka kuwa adhabu.

Wajumbe watano wanatosha: mkutubi, mwalimu wa somo linalohusika, mjumbe wa bodi ya shule, mzazi asiye mlalamikaji na, kwa sekondari, mwanafunzi wa kidato cha juu. Mkuu wa shule asiwe mwenyekiti, maana kila mtu atamtazama usoni kabla ya kufungua kinywa. Kama nakala ni moja na ina kurasa 180, siku tatu kwa kila mjumbe ni siku 15. Panga kikao siku ya 21, usizidishe hapo. Msitoe fotokopi ya zile kurasa mbili zilizolalamikiwa mkazigawa. Mkifanya hivyo mmeshahukumu, kwa sababu tukio baya katika riwaya halina maana mpaka ujue limempeleka wapi aliyelitenda.

Tuna mfano wetu wa nyumbani. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kuwa inazungumza waziwazi habari za ngono. Baadaye ikaja kufundishwa darasani, maneno yakiwa yaleyale. Kwa hiyo swali la kwanza la kikao liwe: jambo hili kitabu kinalisifu, au kinatuonyesha gharama yake? Kisha mjiulize kinamfaa nani. Kitabu kisichomfaa mtoto wa darasa la nne huenda kikamfaa sana wa kidato cha tano, na dawa yake ni kukihamishia rafu nyingine. Kukitoa kabisa liwe jambo la mwisho, na sababu iandikwe kwa sentensi kamili. "Hakina maadili" siyo sababu mpaka useme ni maadili gani na ukurasa gani.

Sababu ya maandishi si urasimu. Katika kesi ya Island Trees iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982, bodi ya shule huko New York iliunda kamati ya kuvipitia vitabu, kisha ikayaweka kando mapendekezo yake na kuviondoa. Kesi ikageuka kuwa swali moja: waliviondoa kwa nini hasa? Hapa kwetu sheria ni nyingine. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na ibara ya 30 inaiwekea haki hiyo mipaka. Lakini swali la "kwa nini" litakufikia hapahapa Chumbageni, Tanga.

Kuna wanaotafuta njia ya kati: kuchana ukurasa au kuupaka wino mweusi. Naichukia kuliko marufuku yenyewe. Kitabu kilichoshonwa kimeundwa kwa mikunjo, na kila karatasi ina pacha wake upande wa pili wa uzi. Ukichana karatasi hii, pacha wake, asiye na kosa, naye analegea na kuchomoka baada ya kuazimwa mara chache. Kilichobandikwa kwa gundi kinapasuka mgongo, na kwa joto na unyevu wetu wa pwani kurasa za jirani zinafuata. Wino wa maka unapenya hadi nyuma na kufuta aya ambayo hakuna aliyeilalamikia. Kubwa zaidi, umemwonyesha kila mwanafunzi mahali pa kutazama.

Ujanja mwingine ni kukiandika "chakavu". Kitabu chakavu kinajulikana: kina tobo za mchwa, ukungu, kurasa pungufu. Ukikuta kilichofutwa kina jalada zima na karatasi yake ya tarehe imejaa mihuri ya mwaka huu, jua uchakavu huo ni wa mtu aliyekifuta.

Marufuku ya serikali ni jambo jingine. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo. Ukipokea agizo la namna hiyo, unalitekeleza, lakini kwa kulisoma. Linganisha jina, mwandishi na ISBN, yaani namba ya utambulisho iliyochapwa kitabuni, kitabu kwa kitabu. Usiongeze cha kumi na saba kwa sababu jalada limefanana au mwandishi ni yuleyule. Angalia pia linahusu nani: katazo la shuleni linasema shuleni. Vilivyotolewa vifungwe kwenye boksi pamoja na nakala ya agizo, na kila kimoja kiandikwe kwenye rejista tarehe kilipotolewa. Cha shule ya serikali ni mali ya umma, hakichomwi jalalani.

La mwisho ni daftari la kuazima. Likizuka lalamiko, kuna atakayeuliza, "Nani na nani walikisoma?" Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, hilo si la kujibu kirahisi. Afadhali usiwe na la kujibu. Mtindo wa zamani wa tikiti ulikuwa na akili: kadi ya kitabu inakaa ndani ya tikiti ya msomaji, na kitabu kikirudi, kadi inarudi mfukoni mwa kitabu, tikiti kwa msomaji, hakibaki kitu. Daftari la kaunta linabakiza kila kitu. Kama huna njia nyingine, andika namba ya kadi badala ya jina, orodha ya namba na majina ifungiwe kabatini, na kitabu kikirudi kata mstari mzito juu ya namba mpaka isisomeke. Hapo ndipo wino wa maka unapofaa.