Mfanyakazi akikwama, mpe daftari kwanza

Aprili na Mei, masika yakishuka, hoteli nyingi za pwani ya Zanzibar, kama Nungwi, Kiwengwa na Paje, hubaki na wageni wachache. Huo ndio wakati ninaoupendelea kukaa na wafanyakazi waliokwama, wasioona tena lengo la kazi yao. Julai usijaribu, kila mtu anakimbia.

"Lengo lako maishani ni nini?" siulizi. Mtu hujibu lile analodhani bosi anataka kulisikia. Nampa daftari dogo kwa siku 10 za kazi. Kila baada ya saa mbili anaandika amefanya nini, kwa ajili ya nani, na alama: jumlisha kama kimempa nguvu, toa kama kimemchosha, sifuri kama hakikumgusa. Aandike papo hapo. Akingoja mwisho wa wiki atakumbuka ugomvi na msimamizi tu, na daftari zima litajaa toa.

Siku ya 11 tunakaa dakika 45, mbali na ofisi ya meneja. Barazani panafaa, kahawa ikiwepo zaidi. Tunatafuta jumlisha zinazojirudia. Mtandika vitanda ambaye jumlisha zake zote ni za kuzungumza na wageni hajapoteza lengo. Zamu yake ni mashuka kwa muda wa saa saba, watu kwa dakika kumi tu.

Hapo tunabadilisha jambo moja tu, la nusu saa hivi kwa zamu. Kwa mfano, awapokee wageni wapya na kuwaeleza mavazi ya heshima wakienda Mji Mkongwe au vijijini. Lakini chumba kimoja au viwili lazima vitoke kwenye orodha yake. Mameneja wengi huharibu hapa: wanaongeza, hawapunguzi. Muda si mrefu mtu amerudi pale pale, safari hii na kinyongo juu. Jaribio liende wiki 4, kisha daftari tena kwa siku 5, tulinganishe alama.

Aliye nyuma ya pazia, mhasibu au mtunza stoo, tatizo lake mara nyingi ni kutomwona anayefaidika. Adam Grant, mwanasaikolojia wa kazi wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wapiga simu wanaochangisha fedha za chuo kikuu Marekani: waliokutana kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo, mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umezidi mara mbili. Basi mlete mvuvi anayeiuzia hoteli pweza, akae na mhasibu robo saa, aeleze hundi ikitoka kwa wakati inalipia nini: ada ya skuli, nyavu.

Mshahara ukichelewa, haya yote yaache. Lipa kwanza.

Na jumlisha zote zikiangukia nje ya kazi, tuseme kwenye kibanda chake cha kushona, namwambia waziwazi. Kinachobaki ni kupanga tarehe ya kuaga na kukabidhi funguo kabla msimu haujaanza.