Mji Mkongwe ni nini hasa, na "kuhifadhi" nyumba maana yake nini

Watu wakisikia Mji Mkongwe wanajua ni pale Unguja kwenye vichochoro na milango ya nakshi, basi. Ila ukisema mji umehifadhiwa unamaanisha kitu kikubwa zaidi ya uzee wake, yaani kuna eneo lenye mpaka, kuna sheria, na mwenye nyumba hawezi tu kuamka asubuhi akabomoa ukuta au akaongeza ghorofa, lazima aombe kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoundwa 1985. UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Upande wa pili ndo Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, zamani maji yalipita katikati na palikuwa na daraja, ndo maana mpaka leo tunasema Darajani ingawa unapita nchi kavu.

Sasa hapa kwenye kuhifadhi ndo wengi tunakosea, tunadhani ni kupaka rangi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa vile boriti hazina urefu mkubwa ndo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, ukiingia unaona kama korido. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu ukiingia unatoka. Ukija na saruji umeuziba, maji yanabaki ndani yanapanda, plasta inabanduka na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza taratibu bila mtu kuona. Nyumba moja ya ndugu zetu fundi aliipiga saruji nje ikawa inang'aa kweli, miaka michache tu ukuta wa ndani ukawa unamwaga unga wa chumvi kila siku, yani unafagia na kesho unafagia tena. Iliniuma sana.

Alafu kuna suala la nani anakaa humo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, jumba la familia moja likawa la familia kadhaa, kila mtu ana chumba chake lakini paa la wote, na paa la wote likivuja hakuna wa kupanda. Siwalaumu wapangaji hata kidogo, paa la nyumba kama ile ni pesa nyingi.

Na kuwa ndani ya hifadhi peke yake hakutoshi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, lilikuwa ndani ya hifadhi na lina jina dunia nzima, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele na mnara wa saa vikaanguka ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafariki. Lakini Zahanati ya zamani pale Mizingani, yenye zile roshani za mbao, ilikuwa imechakaa vibaya miaka ya 90 taasisi ya Aga Khan walipoishika wakaikarabati, na mpaka leo imesimama.