Maumivu ya kiuno yanaposhuka mguuni: siatiki na tiba ya kairopraktiki

Mtu akiniambia kiuno kinamuuma, kwanza namuuliza maumivu yanaishia wapi. Yakiishia kiunoni au kwenye tako, mara nyingi shida iko kwenye misuli, kano na viungio vidogo vya mgongo. Yakipita goti yakafika kigimbi au unyayo, yakawa makali kuliko ya kiuno na yana ganzi au hali ya kuchoma, hapo naifikiria siatiki, yaani maumivu ya neva kubwa inayotoka kiunoni hadi mguuni. Wengi wanakuja wameshaambiwa "pingili zimesagika". Maneno hayo yanaogopesha bure, kwa sababu picha za watu wazima wengi wasioumwa kabisa nazo zinaonyesha pingili na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa.

Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko zote mwilini. Inaundwa na mizizi ya neva ya L4 hadi S3 (L ni pingili za kiuno, S ni za mfupa ulio chini yake, na namba zinahesabiwa kutoka juu), inapita ndani ya tako na nyuma ya paja, kisha inagawanyika karibu na goti. Kinachoichokoza mara nyingi ni diski: pete yake ya nje inachanika, ute wa ndani unajitokeza na kuugusa mzizi, hasa kati ya L4 na L5 au kati ya L5 na S1. Kwa wazee sababu huwa kufinyika kwa njia ya neva, na hao utawajua kwa kuwa wakitembea wanaumia, wakikaa au wakiinama wanapata nafuu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa analala chali, mtu mwingine anamwinua mguu unaouma taratibu, goti likiwa limenyooka. Maumivu yakishuka kupita goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, mzizi wa neva huenda umehusika. Akihisi mvuto nyuma ya paja tu, huo ni msuli. Kisha atembee kwa visigino: unyayo ukilegea, naangalia L5. Asimame kwa mguu mmoja, ajiinue kwa vidole mara kumi: akishindwa upande unaouma, naangalia S1. Mguu unaozidi kulegea siku hadi siku ni jambo zito kuliko maumivu yenyewe. Huo haunyooshwi na mtu, unapelekwa hospitali.

Kuna dalili zisizosubiri hata asubuhi: mkojo kuziba au kutoka bila kujua, kushindwa kuzuia haja kubwa, ganzi sehemu za siri na panapogusa kiti, miguu yote miwili kukosa nguvu. Nenda hospitali ya rufaa usiku huo huo. Kwa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha neva na diski.

Kwa mkoa wetu naongeza maswali mawili ambayo mara nyingi yanasahaulika. Je, unakunywa maziwa mabichi au unazalisha mifugo kwa mikono? Bruselosi, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, hushambulia mgongo na viungio vya nyonga, na homa yake huja na kuondoka. Je, umekonda, unatoka jasho usiku, maumivu hayatulii hata ukilala? Inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Yote mawili yana dawa, na kuubonyeza mgongo wa namna hiyo kunaweza kumlemaza mtu.

Kairopraktiki, tiba ya mikono kwa mgongo na viungio, ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na D. D. Palmer, aliyeamini kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizohama. Imani hiyo haikuthibitika. Kilichobaki na manufaa ni kazi ya mikono: unalala ubavu, goti la juu limekunjwa, mtaalamu anashika kiungio na kukisukuma kwa mkupuo mfupi wa haraka. Mlio unaousikia ni gesi ndani ya kiungio, sawa na ule wa kualisha vidole. Hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na diski haisukumwi ndani kwa mkono. Kwa maumivu ya kiuno nafuu ipo, ya wastani, na huwa kubwa zaidi ikienda pamoja na mazoezi. Kwa siatiki halisi ushahidi ni mdogo, kwa hiyo napendelea kuvuta na kukunja taratibu kwenye kitanda maalum kuliko mkupuo.

Baada ya tiba mgongo unaweza kuuma siku moja au mbili. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, tiba hiyo isiendelee, upimwe upya. Anayekuuzia mahudhurio ya mwaka mzima siku ya kwanza, mkatae. Mwenye mifupa dhaifu au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla hajaguswa.

Siatiki nyingi za diski hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12. Usilale zaidi ya siku moja au mbili. Tembea dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Jaribu pia hili: lala kifudifudi, jiinue kwa viganja huku nyonga zikibaki chini, mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu. Maumivu yakiacha mguu na kurudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, uko njia sahihi. Yakizidi kushuka mguuni, acha.

Sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ya dukani inanitia wasiwasi. Ikichomwa katikati au chini ya tako inaweza kuijeruhi neva hiyo hiyo tunayoitibu, na mguu ukalegea kwa miezi. Kama vidonge vinamezeka na tumbo na figo ni salama, sindano haina haja.

Kuhusu kubeba maji: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kinachoumiza zaidi ni kuitoa chini hadi kichwani huku umejipinda. Utwishwe na mwenzako, au weka ndoo juu ya jiwe la kimo cha goti kabla ya kuijaza. Kwenye palizi, mpini mrefu wa jembe unapunguza kuinama. Dereva wa bodaboda ashuke anyooke kila anapomshusha abiria.