Siasa si Kichekesho cha Wanaume Peke Yao

Wengi husema kwamba mwanamke anayesimama jukwaani kuchekesha anafaa kwa visa vya ndoa na mawifi, na kwamba siasa awaachie wanaume. Dhana hiyo inashangaza ikisemwa Dodoma, ambako wanawake wa Kigogo hupiga ngoma ya muheme wakiwa wameibana katikati ya mapaja, kazi ambayo kwingineko huachiwa wanaume, na ambako utani humruhusu bibi kumsuta mjukuu wake, hata akiwa na cheo, bila ugomvi kuzuka.

Kosa lenyewe liko katika kudhani kwamba siasa huishia ndani ya ukumbi wa Bunge. Bajeti ya Serikali husomwa humo kila Juni, lakini muuza nyanya wa Soko la Majengo huijua kwa nauli ya bodaboda na bei ya mafuta ya kula. Basi mchekeshaji anayeigiza mama akipanga mafungu ya nyanya, huku akitamka “Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja” kila mteja anapotaka apunguziwe, ameigusa bajeti kuliko yule anayeiga tu sauti ya waziri, uigaji ambao, kusema kweli, huchosha upesi.