Suruali inapwaya kiunoni na kubana mapajani: usiache mazoezi

Malalamiko yanayofika kitengo chetu cha mazoezi tiba yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mtu ameanza mazoezi kwa moyo wote, ametoka jasho wiki nne au sita, kisha anakuja amekunja uso: uzito haujashuka, pengine umepanda kidogo, na suruali aliyokuwa akiivaa bila taabu sasa inakwama mapajani. Anahitimisha kwamba mazoezi yamemnenepesha. Baadhi yao huja kutuaga tu, maana uamuzi wa kuacha wameshaufanya nyumbani. Nawaandikia hao, na wale walio njiani kuufikia uamuzi huo.

Mtu wa namna hiyo tukimuuliza mkanda anaufunga tundu la ngapi siku hizi, husita kidogo, huingiza mkono kiunoni, na hapo ndipo anapogundua kuwa kiganja kinapita bila kubanwa. Paja limejaa, kiuno kimepungua. Hiyo ndiyo habari iliyotakiwa kutangulia, lakini yeye alikuwa ameshatazama mizani akaiamini peke yake.

Mizani hupima vyote kwa pamoja: mifupa, misuli, mafuta, maji, chakula kilichomo tumboni. Haina uwezo wa kukuambia nini kimeongezeka na nini kimepungua. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu kuna kauli inayorudiwa kila siku na inawapotosha watu: eti misuli ni mizito kuliko mafuta. Kilo moja ya misuli na kilo moja ya mafuta zina uzito uleule. Tofauti iko kwenye nafasi zinayochukua. Lita moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilo 0.9, na lita moja ya misuli ina takriban kilo 1.06. Kwa hiyo aliyepoteza kilo 5 za mafuta na kupata kilo 5 za misuli ataonyeshwa uzito uleule, ilhali mwili wake umepungua karibu lita 0.8. Hata hiyo lita 0.8 si jambo kubwa kwa nguo. Kubwa zaidi ni mahali: mafuta yanatoka kwa wingi tumboni na kiunoni, misuli inajengeka mapajani, kwenye makalio, mgongoni na mabegani. Nguo iliyoshonwa kwa umbo la zamani lazima igombane na umbo jipya.

Kuna na mafuta ambayo hayaonekani kwa macho, yanayozunguka ini, utumbo na viungo vingine vya ndani. Hayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya 2 na magonjwa ya moyo, na ndiyo yanayoitikia vizuri mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo kama kutembea haraka, kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli. Yanaweza kupungua hata kama uzito haujasogea. Mtu mwenye bahati hiyo huiona kwenye zipu kabla ya kuiona popote pengine.

Wiki za mwanzo zina mambo yake. Misuli inayozoezwa huweka akiba zaidi ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu 3 za maji. Misuli ambayo haijazoea kazi hujaa maji kidogo inapojirekebisha. Uzito unaoongezeka katika kipindi hicho kwa kawaida ni maji hayo, wala si mafuta. Nguvu nayo hupanda mapema, lakini sehemu kubwa ya nguvu za mwanzo hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli vizuri. Ukubwa wa misuli huja baadaye. Mabadiliko ya umbo ambayo mtu mwingine anaweza kuyaona huhitaji kwa kawaida wiki 8 hadi 12 za mazoezi yasiyokatizwa. Anayejihukumu wiki ya tatu anajihukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Jambo la pili linalotuchosha kulieleza ni la kuchagua mahali pa kupunguza. Watu wanakunja tumbo asubuhi na jioni wakitarajia kitambi kiyeyuke, na hawafanyi zoezi jingine lolote. Zoezi la tumbo hukaza misuli ya tumbo. Mafuta yaliyo juu ya misuli hiyo hayana taarifa kwamba misuli ya chini yake inafanya kazi. Mwili huchota mafuta kutoka pande zote kwa utaratibu wake, unaotegemea homoni, jinsia, umri na urithi. Mwaka 1971 watafiti nchini Marekani walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, ambao kwa miaka mingi wametumia mkono mmoja kupita mwingine. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa sawa katika mikono yote miwili. Kama kuchagua mahali kungewezekana, wale ndio wangetangulia kufaulu.

Kwa akina mama na mabinti wanaoogopa kunyanyua uzito wakidhani watapata mwili wa kiume: homoni inayochangia sana misuli mikubwa, testosteroni, iko kwa wanawake kwa kiwango kidogo mno ukilinganisha na wanaume. Misuli mikubwa ya washindani wa kutunisha misuli ni kazi ya miaka, ya ratiba kali na mlo wa kupimwa. Haimpati mtu kwa bahati mbaya. Kinachompata mwanamke wa kawaida anayenyanyua uzito mara mbili kwa wiki ni makalio kukaa vizuri, mgongo kunyooka, mikono kukaza, na mifupa kupata faida ambayo ataihitaji sana baada ya kukoma hedhi. Hofu hii imewanyima wengi dawa nzuri kuliko zote tulizonazo kitengoni, nami huumia kila ninapoisikia.

Nguo zitakueleza mabadiliko kwa mpangilio wake. Mara nyingi kiuno hutangulia. Mabega na mgongo wa juu vikijengeka, koti na shati hubana kwapani na mgongoni unaponyoosha mikono mbele, hata kama tumboni kuna nafasi. Mkao nao hubadilisha nguo: aliyekuwa ameinama, misuli ya mgongo ikipata nguvu, huona gauni limepanda kidogo mbele kwa sababu kifua kimefunguka. Matiti yana mafuta mengi, hivyo sidiria inaweza kupwaya vikombeni na bado kubana mbavuni. Pima upya, na kwa mazoezi yenyewe vaa ya michezo inayoshika vizuri. Viatu vya kukimbilia viachiwe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu cha mguu, kwa sababu mguu huvimba kidogo ukiwa kazini.

Usitumie namba ya lebo kama ushahidi. Namba moja kwa mtengenezaji huyu ni kubwa na kwa yule ni ndogo. Usitumie pia suruali za kuvutika, zenye mpira kitambaani: hizo hukubali kila umbo. Chagua nguo moja isiyovutika, iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa, uifanye nguo yako ya kipimo, nayo uivae mara moja tu kila baada ya wiki nne.

Jinsi ya kupima

Hapa naomba msomaji anisome polepole, maana makosa mengi tunayoyarekebisha kila siku yanatoka hapa.

Tumia futi laini ya fundi cherehani, isiyovutika wala kukunjika. Pima asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula na kabla ya mazoezi. Simama wima, miguu karibu karibu, mikono imelegea ubavuni, uzito umegawanyika sawa kwa miguu yote miwili. Kiuno hakipimwi kwenye kitovu wala pale suruali inapokaa. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho chini, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya alama hizo mbili ndipo futi inapopita. Izungushe iwe sambamba na sakafu, nyuma na mbele. Kioo kitakusaidia, au mtu mwingine. Iguse ngozi bila kuiminya. Pumua kawaida, na usome namba mwishoni mwa kutoa pumzi. Usivute tumbo ndani. Narudia: usivute tumbo ndani, hakuna mtu unayemdanganya isipokuwa kadi yako mwenyewe ya vipimo. Rudia kipimo mara ya pili. Vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1, futa vyote viwili uanze upya. Visipozidi hapo, andika wastani.

Nyonga hupimwa sehemu pana kuliko zote ya makalio. Paja lipimwe katikati kati ya kinena na goti, mguu uleule kila mara. Mkono wa juu vivyo hivyo, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea.

Kwa wanaohudhuria kitengoni, vipimo huandikwa kwenye kadi kila baada ya wiki nne. Kipimo kilichochukuliwa juu ya nguo nzito, baada ya kula au mara baada ya mazoezi hatukiandiki. Mhusika hupangiwa siku nyingine. Asiyefika mara mbili mfululizo bila kutoa taarifa hufutwa kwenye daftari na kuanza tena kwa kipimo cha kwanza, hata kama alibakiza mwezi mmoja kumaliza, kwa sababu vipimo vyenye pengo haviwezi kusomwa kwa mfuatano. Aliyepoteza kadi hapewi namba za kukisia. Utaratibu huu unawakera baadhi yenu, lakini bila huo kadi haina maana.

Kwa kusoma namba zenyewe: kwa viwango vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, na huongezeka zaidi kinapozidi 102 na 88. Viwango hivi havifai kwa wajawazito, na kwa baadhi ya jamii vimewekwa chini zaidi, kwa hiyo mweleze mhudumu hali yako kabla hujajitangazia majibu.

Kuhusu kiasi cha mazoezi, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikubwa siku mbili au zaidi. Wengi hutimiza nusu ya kwanza tu. Wanatembea, wanakimbia, wanaruka kamba, lakini hawanyanyui kitu. Hapo umbo hubadilika kidogo kuliko lilivyoweza kubadilika, na misuli hupungua pamoja na mafuta, hasa kama mtu amebana chakula kupita kiasi.

Njia za mkato

Wapo wanaojifunga plastiki tumboni au kuvaa nguo za mpira ili watoke jasho jingi. Kinachotoka ni maji, na hurudi mtu anapokunywa. Jambo hili si la kufanyia mchezo. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa takriban wiki tano, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu nchini Marekani walikufa wakijaribu kushusha uzito haraka kabla ya mashindano. Walifanya mazoezi makali kwenye joto wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha hewa, huku wakijinyima maji. Chama cha michezo ya vyuo vikuu cha nchi hiyo, NCAA, kilipiga marufuku mavazi hayo na matumizi ya vyumba vya joto kwa ajili ya kupunguza uzito. Hao walikuwa vijana wenye afya, wenye makocha pembeni. Kitengoni anayekutwa na plastiki chini ya fulana husimamishwa zoezi siku hiyo na kuelekezwa kwa muuguzi apimwe mapigo na shinikizo la damu. Akirudia, hushiriki tena kwa kibali cha daktari tu.

Mikanda ya kubana kiuno nayo husukuma mafuta upande kwa muda ulioivaa. Ukiivua, yanarudi.

Nguo msizikimbize kwa fundi. Subirini mpaka vipimo viwili mfululizo vya wiki nne vitofautiane chini ya sentimita 1, ndipo mpunguze kiuno na kuachia mapaja. Mwombeni fundi aache kitambaa cha akiba ndani ya mshono.

Mabadiliko mengine ya nguo hayatokani na mazoezi, na hayo yasisubiri kadi. Nguo zinazopwaya bila mtu kujishughulisha, uzito ukiwa umepungua kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12, zinahitaji uchunguzi. Vivyo hivyo tumbo linalokua haraka huku mikono na miguu ikikonda, na mguu mmoja unaovimba na kuuma hadi kiatu au suruali ikabana upande mmoja tu. Mama aliyejifungua ambaye katikati ya tumbo lake panatokeza mwinuko anapoinuka kitandani aache kwanza mazoezi ya kukunja tumbo, aje tumpime kama misuli imeachana. Na yeyote ambaye baada ya zoezi zito misuli imeuma kupita kawaida, imekuwa dhaifu, na mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea, asipange foleni ya vipimo: aende idara ya dharura siku hiyohiyo.